Wasiwasi Kwenye Mahojiano ya Kazi
Kijitabu kwa wanaotafuta ajira Nairobi, na kwa wanaowahoji

Ukiitwa kwenye mahojiano Upper Hill, Westlands au katikati ya jiji, jasho huanza kukutoka mlangoni. Bawabu anachukua kitambulisho chako, begi linakaguliwa, unaandika jina kitabuni, kisha kuna foleni ya lifti. Aliyetoka Kawangware au Kangemi alfajiri, akakwama kwenye msongamano wa Waiyaki Way, huketi kungoja zamu yake moyo ukimdunda kabla hajaulizwa lolote.

Mwili wake haujaharibika. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini: moyo huenda mbio, viganja hulowa, kinywa hukauka. Hufuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo ikizidi huzuia kukumbuka. Ndiyo maana mhasibu anayefunga hesabu kila mwisho wa mwezi anaweza kuulizwa jambo la kazi yake mwenyewe akabaki ametoa macho. Kazi anaijua.

Nini hasa humponza mgombea?

Wengi huogopa kwamba jopo litaona mikono ikitetemeka. Mwaka 2016 Amanda Feiler na Deborah Powell, watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada, walichunguza mahojiano ya majaribio. Kuchezesha vidole hakukuwa na uzito mkubwa. Wenye wasiwasi walipoteza alama kwa kusema polepole mno na kwa kuonekana wasio na uchangamfu wala kujiamini. Hili lina maana kubwa kwetu. Mahojiano mengi Nairobi hufanywa kwa Kiingereza, na mgombea ameshinda wiki nzima akizungumza Kiswahili na Sheng. Woga ukiongezeka juu ya hapo, jibu hunyauka.

Chukua swali hili: "Tueleze siku mteja alipokukasirikia." Mwenye wasiwasi hujibu, "Nilimtuliza," akanyamaza. Mtu huyohuyo, akiwa ametulia, angesema: "Mama mmoja alirudishiwa chenji pungufu kaunta yangu. Nilimwomba radhi, nikahesabu upya mbele yake, nikamwita msimamizi athibitishe. Aliondoka ameridhika." Jopo haliwezi kumpa alama kwa kisa kilichobaki kifuani.

Kwa hiyo andaa visa vitatu vya kweli kutoka kazini, chuoni, kanisani, msikitini au kwenye chama. Vieleze kwa sauti mbele ya ndugu au rafiki, kwa lugha utakayohojiwa nayo. Kuvisoma kimya hakutoshi, kwa sababu ulimi nao unahitaji mazoezi.

Siku yenyewe, fika langoni nusu saa mapema. Punguza kahawa na chai ya rangi, maana huongeza mapigo ya moyo. Usitafune miraa wala kunywa pombe ili kujipa ujasiri. Ukingoja, vuta pumzi kwa utulivu na uitoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta. Ukifanya hivyo mara kadhaa, moyo hutulia. Usipolielewa swali, omba lirudiwe. Ukihitaji kufikiri, sema hivyo. Hata wakubwa hupitia haya: Aprili 2021 Tume ya Huduma za Mahakama iliwahoji wawaniaji wa kiti cha Jaji Mkuu wa Kenya mbele ya televisheni, na Martha Koome akakipata. Tafuta mahojiano hayo uyatazame, uone wanasheria waliobobea nao wakiulizwa maswali magumu mfululizo.

Woga ukikunyima usingizi kwa wiki nyingi, au ukikufanya ukwepe kila mwaliko wa mahojiano, nenda kituo cha afya uzungumze na mhudumu. Hayo hutibika.

Kwa wanajopo

Mgombea aliyefunga mdomo huenda ndiye mnayemtafuta. Mkaribisheni kwa jina, jitambulisheni, mpeni maji. Anzeni na swali jepesi kuhusu kazi aliyowahi kufanya. Waulizeni wote maswali yaleyale, na yeyote akikwama, mrudieni swali hilo mara moja kabla ya kuandika alama.