Umelipia Hass, lakini umepanda nini?

Mvua ikikaribia, simu zetu hujaa picha za miche. Kwenye status za WhatsApp, Facebook na TikTok unaona miche ya kijani iliyopangwa vizuri kwenye mifuko myeusi, na chini yake maandishi: "Hass original, tunatuma kote nchini, lipa kwa simu." Unatuma pesa, kesho yake mzigo unashushwa stendi ya matatu, unapanda. Hadi hapo kila mtu ameridhika.

Shida ni kwamba ovakado haisemi jina lake siku ya kupandwa. Mche uliopachikwa vizuri, au "kugrafti" kama wengi tunavyosema, huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu. Siku hiyo ndiyo unagundua kwamba kile ulicholipia si kile kilichoota.

Tufanye hesabu kidogo. Ukipanda kwa nafasi ya mita 6 kwa 6, ekari moja inachukua takriban miche 110. Tuseme kila mmoja umeununua kwa shilingi 150. Hiyo ni 16,500. Inauma, lakini si hiyo hasara kubwa. Hasara ni miaka mitatu ya shamba, mbolea, maji na vibarua, halafu dalali anakuja, anaangalia matunda na kukuambia haya si ya kusafirisha nje. Hass inapendwa na wanunuzi wa nje kwa sababu ganda lake gumu lenye vipele linastahimili safari, na hugeuka rangi kutoka kijani hadi zambarau nyeusi likiiva. Fuerte ni laini, umbo kama peasi, na hubaki kijani hata likiiva. Ni tunda tamu, hatulisemi vibaya, lakini bei yake sokoni kwa kawaida iko chini ya Hass. Na kama mche ulitoka tu kwenye kokwa bila kupachikwa, utangoja miaka mingi zaidi, na tunda litakalotoka huenda lisifanane na la mama yake.

Kovu la kupachika linasema nusu tu

Ushauri unaosikika sana ni "angalia kama umepachikwa." Ni ushauri mzuri, na ni rahisi kuufuata: tafuta kovu au kipinda kidogo kwenye shina, juu ya udongo, pale kijiti cha juu kilipounganishwa na shina la chini. Wakati mwingine utepe wa plastiki bado upo. Hakuna kovu? Usinunue.

Lakini kovu linakuambia mche umepachikwa. Halikuambii umepachikwa *nini*. Mtu anaweza kukata kijiti kutoka mti wowote wa jirani, akakiunga vizuri kabisa, akauita Hass. Na kwa majani ya mche wa futi moja, tena kwenye picha ya simu, hata mkulima mzoefu hawezi kukuhakikishia aina. Kwa hivyo ukishamaliza kuangalia kovu, swali la maana ni: vijiti vilitoka kwa mti gani?

Muuzaji wa kweli ana jibu. Mwambie akurekodie video ya mti mama ukiwa na matunda, akitaja tarehe ya leo. Kama anasema ananunua vijiti kwingine, akuambie ni wapi. Ukijibiwa "Boss wangu, usijali, ni Hass original," ujue hujajibiwa. Pia kuwa makini na Hass iliyoongezewa majina ya kuvutia kama "jumbo" au "ya miezi kumi na minane." Jina refu kwenye tangazo halimaanishi aina tofauti shambani.

Hapa Kenya una pa kuulizia. Idara ya mazao ya bustani, HCD, iliyo chini ya AFA, ndiyo inayosajili vitalu vya miche ya matunda, na KEPHIS hukagua afya ya mimea. Mwombe muuzaji namba ya usajili wa kitalu, kisha uiulizie kwa afisa wa kilimo wa kaunti yako. Usitegemee picha ya cheti peke yake, maana hata cheti kinapigwa picha na kutumiwa na mtu mwingine. Ukiwa karibu na Thika au Murang'a, kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Kandara hushughulikia miche ya matunda, na nauli ya kwenda kuulizia ni ndogo kuliko miaka mitatu ya kungoja.

Kabla ya kuweka PIN

Hapa sasa ndipo tunaingia sisi. Wateja wengi hudhani ombi la kurudishiwa pesa litawaokoa. Lipo, lakini kazi yake ni pale umetuma kwa namba isiyo sahihi. Ukitumia namba sahihi, kwa mtu uliyemkusudia, halafu bidhaa ikawa siyo, huo ni mgogoro kati yako na muuzaji. Hatuwezi kuchukua pesa kwa mtu kwa sababu ovakado yake imeiva ikiwa kijani. Na baada ya miaka mitatu, pesa hiyo ilishatumika zamani.

Ndiyo maana tunasisitiza uandike kila kitu kabla. Mtumie muuzaji ujumbe mmoja ulio wazi: "Nataka miche 110, Hass, iliyopachikwa, kutoka kitalu fulani, shilingi 150 kila mmoja. Thibitisha." Akithibitisha, ndipo ulipe. Lipa kwa till au paybill ya biashara badala ya namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea kwenye skrini kabla ya PIN lilingane na jina la kitalu kilichosajiliwa. Likitokea jina la mtu usiyemjua, simamisha, uliza. Kama ni paybill na muuzaji anaruhusu, andika namba ya oda yako kwenye sehemu ya akaunti.

Usilipe yote mara moja. Agiza miche mitano kwanza, au lipa kiasi kidogo na umalizie stendi ukishaiona. Muuzaji akikataa mpango wowote isipokuwa "tuma yote sasa hivi, zimebaki chache," mwache na hizo chache zake.

Hifadhi ujumbe wa muamala pamoja na mazungumzo. Simu hupotea, SMS hufutwa, kwa hivyo pakua taarifa ya miamala ya mwezi huo na uijitumie kwa barua pepe. Si karatasi ya bure: mahakama ya madai madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mahali pa kuanzia ni ushahidi wa nini kiliahidiwa na nani alilipwa.

Maua hutangulia matunda

Kuna kipimo ambacho wengi hawakijui, na hakihitaji kungoja tunda. Ua la ovakado hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa jike, mara ya pili likiwa dume. Kwa Hass, hufunguka likiwa jike asubuhi, hufunga, kisha hurudi likiwa dume mchana wa siku inayofuata. Fuerte ni kinyume: jike mchana, dume asubuhi ya kesho yake. Kwa hivyo mti wako ukitoa maua, nenda asubuhi penye jua. Ukikuta maua yamefunguka na vijiti vyenye chavua vimesimama wima, hayo ni maua ya kiume asubuhi, na huo mti huenda si Hass. Siku za baridi saa hizi huvurugika, basi angalia siku kadhaa, na miti kadhaa.

Ukigundua umeuziwa siyo, usikimbilie kung'oa. Mti unaweza kukatwa na machipukizi yake yakapachikwa vijiti vya Hass, na mizizi iliyokwisha kushika ardhi ikaendelea na kazi. Ila safari hii, vijiti hivyo vikatwe kwenye mti ambao umeuona wewe mwenyewe, ukiwa na matunda.