SOMO LA WAZAZI: FIMBO ISIYOMPIGA MTU

Soma: Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Waefeso 6:4



Sisi tuliokimbia vita tunajua jinsi hofu inavyofunga kinywa. Mtoto anayechapwa kila akikosa hujifunza kuficha. Mzazi akiwapo anatii. Mzazi akienda kupanga mstari wa chakula, anarudia.

Tuwatazame wenyeji wetu Warundi. Nyarusange ya Gitega, kama kwenye vilima vingine, wazee waitwao abashingantahe husikiliza pande zote mbili kabla ya kuamua. Jina lao linatokana na intahe, fimbo ya haki. Fimbo hiyo hugongwa chini, haimpigi mtu. Kwa desturi, mtu alitazamwa muda mrefu kama ni mkweli kabla ya kupewa heshima hiyo, naye alijifunza kwa kukaa karibu na wazee.

Musa naye aliagiza watoto wafundishwe nyumbani na njiani. Paulo aliwakataza akina baba kuwachokoza.

Basi, mtoto akichukua mahindi ya jirani:

1. Tumuulize kwa upole, tumwache amalize kusema.
2. Tumweleze jinsi jirani alivyoumia.
3. Twende naye, ayarudishe kwa mkono wake na kuomba msamaha.
4. Nasi tusiguse kisicho chetu, maana anatutazama.

Kulea hivi si kulegea. Mashamba tuliyaacha nyuma, lakini ukweli mtoto ataubeba popote tutakapohamia.

Swali la kujadili nyumbani: Mtoto wako akikosa, hukukimbilia au hukukimbia?