KUMWOKOA ALIYEHARIBIKIWA BAHARINI: NI FARDHI AU NI HISANI?

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), tumeulizwa katika darasa yetu swali hili, nasi twalijibu hapa ili faida yake iwaenee na wasiohudhuria.

Swali: Watu walikuwa safarini katika boti la mashini baina ya Pate na Amu, na miongoni mwao wamo wanawake na watoto. Mashini ikazimika, na upepo wa kusi na mkondo ukawa wawachukua kuelekea miambani. Likapita boti jingine. Nahodha wake hakutupa kamba, bali alitaja bei kwanza. Na walipomwambia kuwa pesa hizo hawanazo, alishika njia yake. Baadaye walipita wavuvi na mashua yao, wakawafungasa mpaka bandarini, wala hawakutaka kitu. Je, yule wa kwanza amepata dhambi, au ameacha hisani tu? Na lau wangalimlipa, pesa zile zingalikuwa halali kwake?

Jawabu: Kabla ya kutoa hukumu yapasa kupambanua, kwani si kila chombo kilichoharibikiwa ni sawa na kingine. Hali ni tatu.

Hali ya kwanza ni ile ambayo roho za watu zimo khatarini: chombo kinaingia maji, au kinachukuliwa miambani au bahari kuu, au watu wamemaliza maji ya kunywa, au usiku unaingia na bahari imechafuka. Hapa kusaidia ni fardhi. Ni fardhi ya kifaya wakiwapo wengi wawezao, akisimama mmoja akatosha, wengine wamesalimika. Lakini ikiwa hapana mwengine ila wewe, basi imekuwa fardhi ya aini juu ya shingo yako, kama zilivyo Sala zako tano. Na wengi wetu hughafilika na jambo hili: baharini, mara nyingi, hapana mwengine. Barabarani gari likiharibika, asipolisimamia huyu atalisimamia yule. Baharini chombo unachokiona leo chawezekana kisionwe na mtu mpaka kesho.

Hali ya pili ni ile ambayo hapana khatari ya karibu, lakini mna dhiki: watu wamepwelewa katika Mkanda wangojea maji kujaa, au wamekwisha petroli nao wametia nanga mahali pa salama. Kuwasaidia hawa ni sunna iliyotiliwa mkazo, na kuwapuuza ni tabia mbaya, nayo yaweza kugeuka ikawa hali ya kwanza mara upepo ukibadilika.

Hali ya tatu ni mtu atakaye kuvutiwa chombo chake kwa raha yake tu, kama kukihamisha kutoka gati hata gati. Hii ni kazi kama kazi nyingine, na ujira wake ni halali kwa mapatano.

Dalili ya haya ni nyingi, nasi twataja chache. Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratul Maida, aya ya 32, kwamba mwenye kuihuisha roho moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 2, ametuamrisha tusaidiane katika wema na ucha Mungu. Na katika hadithi iliyopokewa na Muslim kwa Abu Huraira, Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba mwenye kumwondolea muumini dhiki katika dhiki za dunia, Mwenyezi Mungu atamwondolea dhiki katika dhiki za Siku ya Kiyama, na kwamba Mungu yu katika kumsaidia mja maadamu mja yu katika kumsaidia nduguye. Na Bukhari na Muslim wamepokea khabari ya watu watatu ambao Mungu hatasema nao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyekuwa na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri. Basi ikiwa hali ya mwenye kunyima maji nchi kavu ndiyo hii, itakuwaje hali ya mwenye kunyima kamba baharini?

Tena twasoma kila siku katika Sala zetu Suratul Ma'un. Humo wamelaumiwa watu wanaosali huku wanazuia vyombo vidogo vidogo. Abdallah bin Mas'ud (r.a.) ameifasiri Ma'un kuwa ni kuazimana ndoo na chungu na mfano wake. Haya, na tuitazame mashua ya leo. Ma'un yake ni nini? Ni kamba, ni ndoo ya kufulia maji, ni pondo, ni galoni moja ya petroli, ni plagi ya mashini, ni simu yenye moto. Mtu apitaye na vitu hivi akamwona mwenziwe amekwama asigeuze hata uso, na aogope asije akawa ndiye asemwaye katika sura aliyoihifadhi tangu chuoni.

Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamelitilia jambo hili nguvu ambayo huenda ikamstaajabisha asiyesoma. Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, ameeleza katika kitabu chake cha Qawaid kwamba kuwaokoa wanaozama kwatangulizwa juu ya Sala, kwa sababu Sala yaweza kulipwa na roho iliyozama hairudi. Hali kadhalika aliyefunga Ramadhani, akimwona anayezama na hawezi kumwokoa ila kwa kufungua, atafungua amwokoe, kisha ailipe siku hiyo. Na Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja kwamba chombo kikikaribia kuzama yajuzu kutupa shehena yake, na yawajibika kutupa ikitarajiwa kuwa abiria wataokoka kwa kutupa huko. Basi tazama: Sala yangoja, saumu yafunguliwa, mali yatupwa baharini, yote kwa ajili ya roho. Je, itakuwaje saa moja ya nahodha, au pipa lake la samaki, viwe na thamani kuliko vyote hivyo?

Ama hukumu ya malipo, yataka uangalifu. Minhaj yaeleza katika mlango wa vyakula kwamba mwenye chakula asichokihitaji yampasa kumpa aliyefikwa na dharura, lakini si lazima kumpa bure. Ana haki ya thamani yake: mwenye nacho atalipa papo hapo, na asiyekuwa nacho itakuwa deni juu yake. Kwa kukisia juu ya hukumu hii twasema: petroli uliyowapa, chakula ulichowalisha, hayo waweza kudai thamani yake kwa uadilifu. Lakini huna ruhusa kuifanya bei kuwa ni sharti la kutupa kamba, watu wakiwa wanachukuliwa miambani. Tupa kamba kwanza. Hisabu itafanywa gatini, na asiyekuwa nacho leo ataandikiwa.

Na mwenye kuzidisha bei kwa sababu ameona watu wana watoto mikononi na hawana la kufanya, huyo amekula dhiki za watu. Abu Daud amepokea katika Sunan yake hadithi ya kukatazwa biashara ya mwenye dharura. Isnadi yake ina mtu asiyejulikana, kwa hivyo hatuitegemei peke yake, lakini maana yake yaafikiana na misingi ya Sharia. Basi nahodha aliyeulizwa khabari yake, ikiwa mambo yalikuwa kama yalivyoelezwa, amepata dhambi kwa kuondoka. Na wale wavuvi wamepata ujira ambao hauandikwi katika daftari ya bandari.

Tena kuna la kututia haya. Mataifa yamekutana yakaandika mambo haya katika sheria zao. Tangu mapatano ya Brussels ya mwaka 1910, nahodha amewajibishwa kumsaidia kila mtu aliye katika khatari ya kupotea baharini, hata akiwa adui, maadamu hakitii chombo chake na watu wake khatarini. Mkataba wa Bahari wa mwaka 1982, ambao Kenya imeuridhia, umeyarudia hayo katika kifungu cha 98. Na mkataba wa uokoaji wa mwaka 1989 umesema kwamba watu waliookolewa roho zao hawadaiwi malipo kwa kuokolewa huko. Haya tuliyafundishwa misikitini kabla ya hapo kwa karne nyingi. Haifai wengine wayaandike na kuyafuata, na sisi tuyasome na kuyaacha.

Sasa na tuvitazame visingizio ambavyo husikika mara nyingi.

Wengine husema: “Hao si watu wa mji wetu”, au “Hao si Waislamu”. Jawabu ni kuwa Sharia haikuuliza mji wala kabila. Wanavyuoni husema roho iliyolindwa na Sharia, wala hawasemi roho ya jamaa yako. Mtume (s.a.w.) ametukhubiria kwamba mtu alisamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na kwamba katika kila chenye ini bichi mna ujira. Anayemnyima binadamu alicholipwa mtu kwa kumpa mbwa, amejinyima mwenyewe.

Wengine husema: “Twaogopa maharamia”. Hili si neno la kupuuzwa. Watu wa visiwa vyetu hawajasahau wageni waliotekwa Kiwayu na Manda mwaka 2011, na kila mvuvi wa kaskazini ajua khofu ya chombo asichokijua. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, tusijitie katika maangamizo kwa mikono yetu. Lakini khofu ya kweli huondoa wajibu wa kukaribia, haiondoi wajibu wote. Waweza kusimama mbali ukauliza kwa sauti. Waweza kupiga simu kwa walinzi wa pwani, ambao Kenya imekuwa nao tangu mwaka 2018, au kwa kituo cha uokoaji cha Mombasa kilichofunguliwa mwaka 2006. Waweza kuwaarifu watu wa bandari ya kwanza utakayofika. Aliyeona akanyamaza kabisa hana udhuru.

Wengine husema: “Wamejitakia wenyewe, wametoka bila ya petroli ya kutosha”. Huenda ni kweli. Lakini mtoto aliyepakatwa na mamake hakutia petroli wala hakushika usukani. Muokoe kwanza, mlaumu baadaye.

Wala tusidhani kwamba msaada wa wanyonge ni kitu kidogo. Ilipozama meli ya Spice Islander karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, watu zaidi ya 600 waliokolewa, na wenye mashua na boti za pale walikuwa miongoni mwa waliotoka kuwaokoa. Na ilipoanguka ndege katika ziwa, huko Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, waliofika kwanza walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Na katika watu 43 walisalimika 24. Hawakungoja kuulizwa abiria ni kabila gani.

Baki neno moja la itikadi, nalo ni zito. Katika Suratul Israa, aya ya 67, Mwenyezi Mungu ametaja kwamba watu wakifikwa na dhara baharini, wote wanaowaomba hupotea ila Yeye. Ikrima bin Abi Jahl alipokimbia Makka mwaka wa 8 wa Hijra, dhoruba ilikipiga chombo chake, na mabaharia wakawaambia watu wamsafie Mungu dini, kwani miungu yao haiwafai kitu pale. Ikrima akatambua kwamba asiyeokoa baharini hata nchi kavu haokoi, akarudi akasilimu. Hawa walikuwa washirikina! Nasi leo tuna Waislamu ambao chombo kikienda mrama huwaita waliomo makaburini, na omo ya mashua imefungwa hirizi ilhali ndani hamna nanga wala kamba ya akiba. Mtume (s.a.w.) alimwamuru mwenye ngamia amfunge kisha atawakali. Hirizi si nanga. Mwombe Mungu peke yake, na ufunge ngamia wako: nanga na amari yake, makasia au tanga la dharura, ndoo, maji ya kunywa, jaketi za kuokolea maisha kwa kila abiria, wala usipakie kupita kiasi. Mwenye chombo aachaye haya kwa tamaa ya nauli amewadhulumu abiria wake, na amewadhulumu pia watakaojitia taabuni kumwokoa.

Na mwenye kuokoa naye afanye kwa maarifa. Bahari ikiwa na mawimbi asijigonganishe ubavu kwa ubavu; asimame akitazama upepo, atupe kamba. Kamba iwe ndefu, ifungwe mahali imara, si penye ubao uliooza, na mwendo uwe wa polepole. Maadamu chombo hakizami, watu wakae ndani yake, wasirukie huku wakazamisha vyote viwili. Na aliyeokolewa naye ana wajibu wake: arudishe petroli aliyopewa, ashukuru, kwani asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Ama chombo au mashini iliyookotwa ikielea, hiyo ni mali ya mwenyewe. Kuiokota hakuifanyi kuwa yako.

Katika ile ile Suratul Israa, baada ya kuwataja waliookolewa kisha wakageuka, Mwenyezi Mungu amewauliza: wana amani gani ya kwamba hatawarudisha baharini mara nyingine? Nahodha yeyote na alizingatie swali hili. Chombo unachokipita leo, kesho huenda kikawa ndicho pekee kinachokupita wewe, na mashini yako imezimika.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kusikia tukafuata, awahifadhi wasafiri wetu wa bara na wa bahari, na awarehemu waliokwisha kutangulia majini. Amin.