Kuandika Maelezo Binafsi ya Kuombea Kazi



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike machache juu ya kuomba kazi, kwa kuwa nilisoma katika shule hii, na sasa nafanya kazi katika ofisi ambako mara nyingi hupewa rundo la maombi ya watu niyasome. Nimekubali kwa furaha, ingawa hapana budi nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilipomaliza masomo niliandika maelezo binafsi ya kurasa 4. Nilijisifu kwamba mimi ni hodari, mwaminifu, mchapakazi, tena mjuzi wa kompyuta. Maneno hayo niliyanakili kwa rafiki yangu, naye aliyapata kwa mwingine. Nikaitwa kwenye usaili katika kampuni moja ya kusafirisha mizigo. Bwana mkubwa akaniketisha mbele ya kompyuta, akasema, "Haya, kijana, nijumlishie hesabu hizi kwa Excel." Nilikuwa sijapata kuigusa. Nikakitazama kioo kile mpaka jasho likanitoka. Hakunigombeza, alinipa nauli ya kurudi nyumbani, na jambo hilo liliniuma kuliko matusi.

Basi, tuje kwenye somo. Anayesoma karatasi yako hana haja na sifa. Ataka kujua umefanya nini. Neno "mwaminifu" kila mtu aweza kuliandika, hata mwizi. Lakini tazama mstari huu: "Nilikuwa mweka hazina wa duka la shule kwa miaka 2, kila Ijumaa nilihesabu fedha mbele ya mwalimu, na haikupungua hata shilingi." Hapo uaminifu haukutajwa, lakini mimi msomaji nimeuona. Tena naweza kumpigia simu mwalimu huyo nikamwuliza. Wengi wenu husema, "Mimi sina ujuzi, nimetoka shuleni tu." Si kweli. Aliyekuwa kiranja wa bweni, aliyetunza bustani ya mboga, aliyemsaidia mama kuuza sokoni wakati wa likizo na kuandika mapato, wote wana la kueleza, mradi waseme kwa hesabu: wangapi, muda gani, kiasi gani. Kurasa 2 zatosha kabisa.

Tena tanguliza kile anachokihitaji mwenye kazi. Karibu na mwaka 1482 Leonardo da Vinci alitunga barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Leonardo alianza na madaraja ya kubebeka, mizinga na magari ya vita, kwa kuwa alijua mtawala ana haja ya mambo hayo. Uchoraji, ambao sisi twamjua kwao, akauweka mwisho. (Sisemi mmwige katika mizinga!)

Siku hizi karatasi peke yake haitoshi. Kazi nyingi za Serikali huombwa kwa mfumo wa Ajira Portal, ulio chini ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Huko hutakiwa namba ya kitambulisho cha Taifa, vyeti, barua iliyotiwa sahihi, na majina ya wadhamini 3. Wadhamini hao waombe ruhusa kwanza, nimepata kumpigia mmoja akaniuliza, "Huyo ni nani?" Angalieni sana majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Ally na cha mtihani kikisema Ali, utapata taabu. Wazazi nanyi, tafadhali, vitazameni vyeti vya watoto wenu wangali shuleni.

Kampuni nazo hupenda kutazama mtandao wa LinkedIn, uliofunguliwa mwaka 2003, ambao hupokea wenye umri wa miaka 16 na zaidi. Chini ya jina lako kuna mstari mfupi wa kujieleza. Wengi huandika "Natafuta kazi", na mstari umekwenda bure. Andika unachokijua: "Fundi umeme wa majumbani, mwenye cheti cha VETA." Picha iwe ya uso wako peke yako, si ile ya harusini mko watu 6.

Zaidi ya yote, miaka ilingane. Nilisoma maombi ya binti mmoja. Karatasi ilisema aliuza katika duka la dawa hadi 2022, ukurasa wake wa mtandaoni ukasema hadi 2020. Huenda aliusahau tu ukurasa ule. Lakini maombi yalikuwa mengi, nafasi ilikuwa 1, nami sikuwa na wasaa wa kumwuliza. Nikayaweka kando. Mpaka leo namfikiria.

Mimi, baada ya siku ile ya jasho, nilijifunza Excel kwa miezi 3, nikaandika karatasi nyingine isiyo na neno "hodari". Mwanafunzi wa Kidato cha Nne au cha Sita aliyekwisha kuandika yake ampe mhariri aniletee. Nitaisoma, na kuirudisha kabla ya kufunga shule, ikiwa na alama za wino mwekundu.