Lupango, parcelle, borne: maneno matatu yaliyoupima mji wetu

Mwaka jana, kabla ya mvua kuanza, nkambo wangu wa Katuba alipoteza mita mbili za lupango yake kwa sababu ya neno moja. Hakudanganywa, wala hakutia sahihi kwenye karatasi ambayo hakusomewa. Aliulizwa swali, akalijibu kwa ukweli, na jibu lake likaandikwa. Katika makala haya nitaeleza jambo hilo liliwezekanaje. Lakini kwanza itanibidi nirudi nyuma hadi siku zile Lubumbashi ilipokuwa bado mistari kwenye karatasi.

1. Mji uliochorwa kabla ya kujengwa

Miji mingine hukua kidogo kidogo kando ya soko au kivuko. Wetu ulichorwa kwanza. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika katika nchi ya Walamba, karibu na mgodi wa Étoile. Kando ya mto Lubumbashi, Union Minière du Haut-Katanga ilijenga kiwanda cha kuyeyusha shaba, na shaba ya kwanza ikatoka mwaka 1911. Chini ya uongozi wa Émile Wangermée, wapimaji walichora njia nyoofu zinazokatana kama mistari ya daftari la hesabu, na kati ya njia hizo vipande vya ardhi vya kugawiwa. Mji ukaitwa Élisabethville, kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Jina la mto lilichukua nafasi yake mwaka 1966.

Ili kuchora namna hiyo, ilihitajika ardhi isiyo na mwenyewe, na sheria ilikuwa imekwisha kuitafuta. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilitangaza kwamba « terres vacantes » ni mali ya Serikali. Katika Katanga, ardhi hiyo ilisimamiwa na Comité Spécial du Katanga, iliyoundwa mwaka 1900. Hapa mwanafunzi wa lugha hana budi kusimama. Tutalitafsirije neno « vacant »? Tukisema « tupu », tunafikiria chungu au nyumba. Tukisema « pori », tunataja mahali ambapo watu huwinda, huokota uyoga na kuliacha shamba la zamani lipumzike. Pori halina nyumba, lakini lina wenyewe. Basi kabla hata kamba ya mpimaji haijanyoshwa, neno moja la Kifaransa lilikuwa limekwisha kuwaondoa watu ambao lugha zao hazikuwa na neno la kulijibu.

Kisha kazi za mikono zikaanza: kukata miti, kuchimba mifereji, kusawazisha balabala. Mwaka 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga ili kutafuta wafanyakazi, nao walifika wakiwa na lugha nyingi. Polepole Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Hati za vipimo ziliandikwa kwa Kifaransa, na jasho likasimuliwa kwa Kiswahili. Ndiyo maana kitabu kidogo cha André Yav cha mwaka 1965, Vocabulaire de ville de Elisabethville, kina thamani kubwa kwetu: kinaeleza historia ya mji huu kwa Kiswahili cha watu waliowatumikia Wazungu nyumbani mwao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, cité mpya ya Waafrika, yaani Kamalondo ya leo, ilitengwa na mji wa Wazungu kwa uwanda uliokatazwa kujengwa nyumba, « zone neutre ». Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: mbu wa malaria wasivuke. Leo hakuna anayetuzuia kupita, lakini sikilizeni lugha yetu. Mtu wa Katuba au Kenya, aliyezaliwa mjini na kuzeeka mjini, anapopanda taxi husema: « Naenda mu ville. » Mstari wa mpimaji umefutika ardhini, ukabaki katika sarufi.

2. Maneno matatu, macho matatu

Tuyatazame sasa maneno tunayotumia kwa kipande cha ardhi cha kujenga.

Katika Kiswahili bora kuna « kiwanja ». Neno hili ni ndugu wa « uwanja »: linaonyesha mahali peupe, palipo wazi. Sisi wa Lubumbashi tunalielewa shuleni, lakini nyumbani hatulitumii.

« Parcelle » tumelipata kwa Kifaransa pamoja na karatasi zenyewe. Maana yake ni sehemu ndogo ya kitu kikubwa. Kwa hiyo neno hili linamtaja kimyakimya mtu wa tatu: yule aliyegawa. Ndivyo sheria inavyosema hadi leo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inatamka kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, na raia hupewa haki ya kuitumia. Bila karatasi, mwenye parcelle amesimama hewani.

« Lupango » linatoka upande mwingine kabisa. Katika Kibemba, « ulupango » ni ua, uzio unaozunguka makao. Sauti « lu- » inatuonyesha asili yake: ni kiambishi kilekile ambacho pwani kimekuwa « u- ». Wabemba husema « ululimi », watu wa pwani husema « ulimi ». Katika Kiswahili chetu neno hili limepanuka. Limetoka kwenye uzio, likaenda kwenye kilichomo ndani ya uzio, halafu likafika hadi kwenye parcelle yenyewe, ile yenye namba. Maana zote tatu zinaishi pamoja, na kwa kawaida hazigombani.

Linabaki « borne », jiwe au nguzo fupi ya saruji ambayo mpimaji huifukia kwenye pembe. Borne haina maana ya pili. Labda ndiyo sababu tunaisahau.

3. Mita mbili za nkambo

Mpimaji alipokuja Katuba aliuliza kwa adabu: « Mama, lupango yenu inaishia wapi? » Nkambo alinyosha mkono kuelekea uzio wa miti uliopandwa na marehemu mume wake. « Inaishia pale. » Mimi mwenyewe nilishika ncha ya metre. Karatasi iliandikwa kwa Kifaransa, « limite de la parcelle », nami ndiye niliyemsomea: « mupaka ya lupango ». Akasema ndiyo, akaweka kidole.

Nilichosahau kuuliza ni hiki: kwa nini uzio ulikuwa pale? Mume wake aliupanda mita mbili ndani ya borne, kwa makusudi, ili nje yake abaki na nafasi ya mufereji wa maji ya mvua. Nkambo aliulizwa juu ya lupango, akaonyesha lupango, yaani uzio. Mpimaji aliandika lupango, yaani parcelle. Nami, ninayesoma lugha za Afrika, nilisimama katikati yao na sikusikia kwamba neno lilikuwa limegawanyika.

Jirani, ambaye ni mtu mwema, alisoma karatasi mpya na kuanza kujenga ukuta wake. Mufereji ukafukiwa. Mvua ya kwanza kubwa iliingia chumbani mwa nkambo, ikalowesha godoro na gunia la unga. Siku iliyofuata tulichimba kwa jembe mbele ya jirani, tukaikuta borne ya zamani imelala chini ya udongo, mahali pake. Alisimamisha ukuta siku ileile. Ombi la kupima upya tumelipeleka, na bado tunangoja.

Nkambo alinitazama akasema: « Weye unasomaka luga, na haukuniuliza ni lupango gani? »

4. Tufanye nini?

Sipendekezi tuliache neno « lupango ». Ni letu, na linabeba makao yetu. Ninapendekeza mambo mawili madogo. La kwanza: anayepima au kutafsiri asiulize lupango inaishia wapi. Aulize: « Borne ziko wapi? », halafu aulize uzio ulipandwa na nani na kwa nini. La pili ni kwetu, wanafunzi wa kitivo hiki. Twende kwa wapimaji, mafundi na wazee wa cité, tukusanye maneno yao ya ardhi, tuandike kila neno pamoja na maana zake zote. Kamusi ya namna hiyo haitarudisha nchi ya Walamba. Lakini ingetosha kuuacha mufereji wa nkambo wazi.