Mtoto Akichelewa, Anzia Hapa

Mtoto wa miezi tisa hajakaa mwenyewe. Wa mwaka na nusu hatembei wala hana neno hata moja. Wa miaka miwili alikuwa akiita mama na baba, sasa amenyamaza na haitiki hata jina lake. Ukifika hapo, kila jirani ana shauri. Mmoja atakwambia baba yake naye alichelewa kusema, mwingine atakutajia mganga, mwingine atakusihi usubiri afikishe miaka mitano. Wote wanakutakia mema, na wote wanakupotezea muda.

Usonji, mtindio wa ubongo, sindromu ya Down na ulemavu wa akili si magonjwa ya kunywa dawa yakaisha. Lakini mtoto aliyeanzishiwa mazoezi mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kujilisha, kueleza haja zake kwa maneno au kwa ishara, na kwenda chooni bila kubebwa. Na lawama ziwekwe kando tangu mwanzo. Sindromu ya Down hutokana na kromosomu ya 21 ya ziada, jambo lililokwisha kutokea kabla mama hajajua ana mimba. Usonji hauletwi na chanjo wala na malezi mabaya. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wamewafuatilia kwa miaka mingi watoto walionusurika malaria kali, homa ya uti wa mgongo na manjano makali ya uchangani, wakaona baadhi yao wakibaki na kifafa, uziwi au ugumu wa kujifunza. Hakuna laana hapo. Nalisisitiza hili kwa kuwa mama anayelaumiwa humficha mtoto, na aliyefichwa hapimwi.

Kliniki ndiyo mlango wa kwanza. Nenda na kijitabu cha mama na mtoto, ueleze lini ulianza kuwa na wasiwasi, na uombe mtoto apimwe masikio kabla ya kitu kingine chochote, maana mtoto asiyesikia huweza kudhaniwa ana usonji au ni mpumbavu. Kama ana degedege, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, usikubali kuambiwa urudi mwezi ujao.

Mlango wa pili wazazi wengi wa Kenya hawaujui, ingawa umekuwapo tangu 1984. Ni vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu, vinavyoitwa EARC. Usitarajie jengo la kifahari: mara nyingi ni chumba kimoja ndani ya ua wa shule ya msingi, na anayepita njiani hawezi kukijua. Mwulize mwalimu mkuu wa shule yoyote ya umma au afisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mwalimu aliyesomea kazi hiyo atacheza na mtoto, atakuuliza kuhusu mimba, uzazi na mambo ya nyumbani, kisha ataandika ripoti inayosema mtoto anafaa kusomea wapi na anahitaji msaada gani. Kesi ngumu huelekezwa kwenye taasisi ya elimu maalum ya KISE, Kasarani, Nairobi.

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, kwa hiyo tulia kidogo. Ripoti ya EARC ni ya shule. Haikusajili kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Kwa usajili huo unahitaji fomu nyingine, inayojazwa na madaktari wa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kufanya tathmini ya ulemavu. Kabla ya kulipa nauli, uliza siku wanayokaa, kwa sababu si kila siku. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chako, picha na barua zote za kliniki. Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, safari nzima hukwama hapo. Usajili ukikamilika, ndipo unapoweza kuomba misaada ya baraza, kama vile vifaa vya kujimudu na karo. Piga picha kila karatasi kwa simu, na usimwachie mtu nakala halisi.

Kuhusu shule, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtoto kunyimwa nafasi kwa sababu ya ulemavu. Mwalimu mkuu akikukatalia, mwombe aandike sababu na kutia sahihi. Kwa kuogopa kalamu, wengine hubadili nia papo hapo. Baadhi ya watoto hufaa darasa la kawaida wakipata usaidizi, wengine kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida kama kile cha usonji katika City Primary, Nairobi, na wengine shule maalum kama Jacaranda ya Nairobi au Tom Mboya ya Mombasa kwa wenye mtindio wa ubongo.

Familia maskini yenye mtu asiyeweza kuachwa peke yake mchana na usiku inaweza kuomba ruzuku ya serikali ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Pampasi peke yake zaweza kuzimaliza. Hata hivyo, jiandikishe kupitia chifu na afisa wa ustawi wa jamii, kwani jina lisiloandikwa halihesabiwi bajeti inapopangwa.

Na bajeti ndiyo kazi ya vikundi vya wazazi, wala si kufarijiana tu. Tangu 2013 hospitali za kaunti na chekechea ziko chini ya serikali za kaunti, ilhali shule za msingi zimebaki kwa serikali kuu. Ukipeleka lalamiko la therapi kwa afisa wa serikali kuu utakuwa umegonga mlango usio wako. Wazazi kumi wakihudhuria kikao cha umma cha bajeti ya kaunti, waombe kitu kimoja kinachopimika: mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya kaunti ndogo, siku mbili kwa wiki. Hotuba ndefu juu ya haki za binadamu hupigiwa makofi na kusahauliwa. KAIH, chama cha familia za wenye ulemavu wa akili, kina uzoefu wa kuwaunganisha wazazi kwa kazi za namna hii.

Tunachotelekeza mno ni utu uzima. Kijana akitimiza miaka 18 mchukulie kitambulisho hata kama hasemi. Bila hicho hawezi kufungua akaunti, kusajili laini ya simu wala kupiga kura. Mzoeze pesa ndogondogo dukani, na mwulize mwenyewe anataka kazi gani kabla hujamwamulia.

Mfundishe pia, kwa maneno mepesi au kwa picha, nani anaruhusiwa kumgusa na wapi. Akidhulumiwa, mfikishe hospitalini kabla hajaoga na umhifadhie nguo alizovaa. Simu ya bure ya watoto ni 116, na ya dhuluma za kijinsia ni 1195. Polisi wakisema hawezi kutoa ushahidi, wakumbushe kuwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaruhusu mahakama kumteulia shahidi kama huyo mtu wa kati wa kumsaidia kueleza. Mwambie mwendesha mashtaka mapema, kabla ya siku ya kesi, ili ombi hilo lifikishwe kwa hakimu.