Dondoo muhimu: Mnara wa taa wa Green Point, Cape Town

Taa ya mnara huu iliwashwa mara ya kwanza mwaka 1824, na hadi leo inaongoza meli zinazoingia Ghuba ya Table. Ndio mkongwe kuliko minara yote ya taa inayofanya kazi Afrika Kusini. Utautambua kwa mistari yake myekundu na myeupe iliyochorwa mshazari.

Usiishie kupiga picha barabarani. Ulizia mapema kama mnara uko wazi siku utakayokwenda. Kisha shika njia ya waenda kwa miguu kando ya bahari hadi Sea Point. Nenda jioni. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea jua kuchomoza baharini. Huku utaliona likizama humo.

Boti za Robben Island, alikofungwa Nelson Mandela kwa miaka 18, hutoka V&A Waterfront, hapo jirani. Kata tiketi mapema na uiweke safari hiyo siku zako za mwanzo, kwani upepo ukichachamaa boti hazitoki. Gerezani, kwa kawaida watembezaji ni watu waliowahi kufungwa humo. Waulize maswali, usione haya. Na beba koti, hata Desemba.